Sura ya Tano: Siku Kumi na Saba

Filamu ya The Hunt ilikaa siku saba tu kwenye majumba ya sinema ya Marekani kabla ya kuingia majumbani mwa watu. Ilitoka Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, na Ijumaa iliyofuata yeyote mwenye televisheni na intaneti aliweza kuikodi kwa dola 19.99 na kukaa nayo saa 48. Siku hiyohiyo ikaingia pia The Invisible Man, iliyokuwa imetimiza wiki tatu kamili tangu itoke. Kampuni ya Universal ilitangaza uamuzi huo Machi 16, katika wiki ambayo majumba ya sinema yalikuwa yakifungwa nchi nzima kwa sababu ya korona.

Wengi waliuhesabu uamuzi huo kuwa dharura ya ugonjwa. Dharura ilikuwepo kweli, maana filamu isiyo na ukumbi wa kuonyeshwa haiingizi hata senti. Lakini mlango ule ulikuwa umeshasukumwa miaka mitano nyuma, na filamu zilizotumwa kuusukuma zilikuwa za kutisha. Hollywood ikitaka kujaribu njia mpya ya kumpelekea mtazamaji filamu nyumbani mapema, hutanguliza hizi za mizimu, wauaji na wanasesere. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu naamini linahusu zaidi ya fedha: linahusu namna binadamu anavyoogopa, na anaogopa akiwa na nani.

Utaratibu wa zamani ulikuwa rahisi kuuelewa. Filamu ikitoka, ilikuwa mali ya majumba ya sinema kwa takriban siku 90. Katika muda huo hapakuwa na DVD wala kukodi mtandaoni. Wenye majumba waliulinda muda huo kama mboni ya jicho, kwa hoja kwamba mtu akishajua filamu itafika sebuleni kwake baada ya wiki chache, hatajisumbua kutoka, kulipa maegesho na kununua bisi. Studio nazo zilikuwa na manung'uniko yao. Kuitangaza filamu hugharimu mamilioni, na miezi mitatu ikipita watu wameshaisahau, ikabidi matangazo yaanze upya ili diski ziuzike.

Mwaka 2015 Paramount ilijaribu kupatana na wenye majumba. Ilikuwa na filamu mbili za Oktoba, Paranormal Activity: The Ghost Dimension na Scouts Guide to the Zombie Apocalypse. Ikapendekeza hivi: filamu ikishuka hadi chini ya majumba 300, zihesabiwe siku 17, kisha ianze kuuzwa mtandaoni, na wenye majumba wapate fungu lao katika mauzo hayo. AMC ya Marekani na Cineplex ya Kanada wakakubali. Kampuni nyingine kubwa zikakataa, zikagoma kuzionyesha filamu hizo. The Ghost Dimension ikafunguliwa kwenye majumba yasiyofika 1,700 na kuingiza kama dola milioni 8 mwishoni mwa juma la kwanza, ilhali sehemu ya tatu ya mfululizo huohuo, mwaka 2011, ilikuwa imefungua kwa zaidi ya milioni 50. Jaribio likahesabiwa kuwa limeanguka. Namba yake ya 17 haikuanguka nalo.

Kwa nini zilitangulizwa filamu za kutisha? Sababu ya kwanza ni bei. The Invisible Man, iliyoongozwa na Leigh Whannell, iligharimu dola milioni 7, fedha ambayo kwa Hollywood ni ndogo sana. Filamu ya namna hiyo ikikosewa, hakuna anayefukuzwa kazi. Sababu ya pili ni tabia ya watazamaji wake. Mpenzi wa filamu za kutisha hasubiri. Anakwenda Ijumaa usiku, na wenzake, kabla hajasikia mtaani nani anakufa na nani anabaki. Ndiyo maana mapato ya filamu hizi hupanda siku tatu za mwanzo kisha huporomoka. Halloween ya mwaka 2018, ambayo watu waliipenda kwelikweli, ilifungua kwa dola milioni 76 nchini Marekani na wikiendi ya pili ikapata milioni 31. Mhasibu wa studio akiona mteremko kama huo anajiuliza: hizo siku 90 zinalinda nini, ikiwa fedha nyingi imeshaingia kufikia wiki ya tatu?

Hesabu hiyo ina mantiki. Haielezi yote, lakini siwezi kuwalaumu walioifanya.

Turudi kwenye The Invisible Man, maana hakuna filamu iliyokutana na wakati wake namna ile. Elisabeth Moss anaigiza Cecilia, mwanamke anayetoroka usiku kutoka kwenye nyumba ya kifahari kando ya bahari, akimwacha mpenzi aliyemtawala kwa kila kitu: anachokula, anachovaa, anakokwenda, anachofikiri. Baadaye anaambiwa mpenzi huyo, mtaalamu wa elimu ya mwanga, amejiua. Cecilia haamini. Anahisi yupo chumbani. Na kamera ya Whannell inamuunga mkono kwa njia ambayo sikuwahi kuiona ikitumiwa kwa ujasiri kiasi hicho: inamwacha mwigizaji, inageuka polepole hadi kwenye kona tupu, inatulia pale, kisha inarudi. Hakuna kilichotokea kwenye kona hiyo. Lakini mtazamaji ameshaikagua kona yote kwa macho, ameshatafuta mkunjo kwenye kapeti na mtikisiko wa pazia. Kuna tukio la jikoni ambalo kamera imesimama mbali, Cecilia anatoka kwenda chumba kingine, na moto wa jiko unaachwa peke yake na kisu mezani. Tunakaa tukitazama jiko.

Sasa mweke mtazamaji wa filamu hiyo ndani ya nyumba yake, Machi 2020, wakati ameambiwa asitoke, adui haonekani kwa macho, na kila mpini wa mlango unaweza kuwa na ugonjwa. Kamera ikigeukia kona tupu ya kwenye skrini, na yeye anageukia ya kwake. Filamu ilitengenezwa mwaka mmoja kabla, mjini Sydney na viunga vyake, bila mtu yeyote kuwaza korona, na kwa kusukumwa na ajali ya historia ikapata ukumbi ulioifaa kuliko wowote ambao ingejengewa. Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyefungiwa na mwanamume mkatili, na ilifika majumbani katika majuma yaleyale ambayo wanawake wengi, duniani kote, walikuwa wamefungiwa na wanaume wa aina hiyo.

Mwezi uliofuata Universal ikaipeleka nyumbani Trolls World Tour, katuni ya watoto isiyo na cha kutisha, ikakusanya karibu dola milioni 100 za kukodishwa ndani ya wiki tatu. Hapo ndipo vita vilipowaka. Fedha ya tiketi ya sinema hugawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya studio na ukumbi, lakini katika kukodisha mtandaoni studio hubaki na takriban asilimia 80. Mkuu wa NBCUniversal alipodokeza kwamba hata majumba yakifunguliwa wataendelea kutoa filamu kwa njia zote mbili, AMC ikatangaza kwamba haitaonyesha tena filamu yoyote ya Universal. Miezi mitatu baadaye, Julai 28, 2020, mahasimu hao wakatia saini mkataba: filamu ya Universal itakaa kwenye majumba angalau siku 17, yaani wikiendi tatu, kisha studio ina ruhusa ya kuikodisha mtandaoni kwa bei ya juu, na AMC inapata fungu lake. Namba ileile iliyobezwa mwaka 2015 ikawa sheria ya biashara. Baadaye, katika mkataba na Cinemark, kampuni nyingine ya majumba ya sinema, ikaongezwa kwamba filamu ikifungua kwa zaidi ya dola milioni 50 itakaa siku 31.

Tangu hapo mpenzi wa filamu za kutisha akazoea kuhesabu kwa wiki. M3GAN, ile ya mwanasesere mwenye akili bandia aliyecheza kwenye korido kabla ya kuua, ilitoka Januari 6, 2023, na Januari 24 ilikuwa tayari inakodishwa, wakati bado inajaza kumbi. Nyingine hazikusubiri hata hizo siku 17. Warner Bros., ambayo mwaka 2021 iliamua filamu zake zote zitoke sinema na kwenye huduma ya mtandaoni ya HBO Max siku moja, ilifanya hivyo kwa The Conjuring: The Devil Made Me Do It na kwa Malignant ya James Wan. Universal ikazipeleka Halloween Kills na Halloween Ends kwenye huduma yake ya Peacock siku ileile zilipotoka.

Matokeo ya hizo mbili za Halloween yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kills ilifungua kwa dola milioni 49 mwaka 2021, kisha wikiendi ya pili ikaanguka kwa takriban asilimia 70. Ends, mwaka uliofuata, ilifungua kwa kama milioni 40 na ikaanguka kwa asilimia 80. Halafu Oktoba 2023 ikaja Five Nights at Freddy's, iliyotokana na mchezo wa kompyuta unaopendwa na watoto wa shule, ikatoka sinema na Peacock siku moja, ikafungua kwa dola milioni 80. Waliosema sebule itaua ukumbi wakanyamaza. Vijana wale wangeweza kuitazama nyumbani kwa gharama ndogo, wakaamua kwenda pamoja, wakavaa mavazi ya wahusika, wakapiga kelele pamoja. Lakini wikiendi ya pili nayo ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 75. Kwa hiyo sebule haikuzuia watu kwenda siku ya kwanza. Iliwanyima sababu ya kwenda siku ya kumi.

Naomba msomaji alishike hilo wakati nikirudi nyuma kidogo, kwenye filamu ya kwanza kabisa ya Paranormal Activity, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo takwimu hazilisemi. Oren Peli aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe huko San Diego kwa takriban dola 15,000. Wakubwa wa studio walipewa diski wakaitazama maofisini na majumbani, na mpango wao ukawa kuinunua hadithi na kuitengeneza upya kwa waigizaji maarufu. Mtayarishaji Jason Blum na wenzake wakasisitiza kwanza ionyeshwe mbele ya watu. Kwenye onyesho hilo baadhi ya watazamaji wakaanza kuinuka na kutoka. Ilidhaniwa wamechoshwa, kumbe walikuwa wameshindwa kuvumilia woga. Wazo la kuitengeneza upya likaishia hapo, filamu ikatolewa kama ilivyo mwaka 2009, ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Tangazo lake halikuonyesha sana filamu yenyewe. Lilionyesha watazamaji gizani, wakiruka vitini na kushikana.

Woga huambukiza. Mtu mmoja akivuta pumzi kwa nguvu safu ya tatu, safu ya nane inakaza misuli. Nikikaa peke yangu na skrini, hakuna wa kuniambukiza, na kitufe cha kusimamisha filamu kipo mkononi. Kujua tu kwamba kitufe kipo kunapunguza kitu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anaweza kuuliza Hollywood ilikuwa inagombea nini hasa. Filamu za kutisha za Kiswahili, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, ziliwafikia watu kwa kanda za video na diski. Sebule ndiyo iliyokuwa ukumbi wao. Nigeria ilifanya vivyo hivyo: Living in Bondage ya mwaka 1992, hadithi ya mtu anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri na kisha kuandamwa na mzimu wake, iliuzwa kwa kanda za VHS na kuzaa tasnia nzima. Lakini sebule hizo hazikuwa mahali pa upweke. Palipokuwa na deki moja kwa nyumba nyingi, watoto wa jirani walijaa kwenye mkeka, akina mama wakasimama mlangoni, kijana mmoja akajifanya haogopi hadi mzimu ulipotokea. Mabanda ya video nayo, yenye sauti za watafsiri kama Lufufu, yalikuwa na watu waliobanana begani kwa bega. Filamu zilitazamwa nje ya sinema kabisa, na woga ukaambukiza vizuri tu. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaosema nyumbani hapafai. Kinachopungua ni watu.

Tena ziko filamu zilizozaliwa kwa ajili ya upweke huo. Mwaka uleule wa korona, mwongozaji Mwingereza Rob Savage aliwatania rafiki zake kwenye mazungumzo ya Zoom, akijifanya ameshambuliwa na kitu darini. Video hiyo fupi ikasambaa, na ndani ya wiki kama 12 akawa ametengeneza Host, filamu isiyofika hata saa moja na dakika kumi, kuhusu marafiki wanaofanya kikao cha kuita mizimu kupitia Zoom. Savage hakuwahi kuwa chumba kimoja na waigizaji wake. Kila mmoja alijipangia taa na kamera nyumbani kwake, na baadhi ya mitego ya kutisha waliifunga kwa mikono yao wenyewe. Ilitoka kwenye huduma ya Shudder Julai 30, 2020. Ukiitazama kwenye ukumbi mkubwa inapoteza nusu ya nguvu zake. Ukiitazama kwenye kompyuta ileile uliyoitumia mchana kwa kikao cha kazi, kila dirisha dogo lenye uso wa mtu linakuwa na mlango wazi nyuma yake.

Skinamarink ya Kyle Edward Ball ni ya ukoo huohuo. Ilipigwa kwenye nyumba ya wazazi wake huko Edmonton, Kanada, kwa dola 15,000 tu: watoto wawili wanaamka usiku, baba hayupo, na milango na madirisha ya nyumba yanatoweka. Ilivuja mtandaoni kabla ya kutolewa, vijana wakaanza kusimuliana walivyoitazama kitandani usiku wa manane, na ilipoingia sinema Januari 2023 ikapata kama dola milioni 2. Wengi walichoka nayo, na nawaelewa, kwa sababu sehemu kubwa ni picha za dari na kuta gizani. Mimi ilinirudisha kwenye woga wa utotoni ambao nilidhani umeshaisha.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote, hata hivyo, ni cha The Wretched, filamu ndogo ya ndugu wawili wa Michigan, Brett na Drew Pierce, kuhusu mchawi anayekula watoto na kuwasahaulisha wazazi kwamba watoto hao waliwahi kuwepo. Baba yao alikuwa mmoja wa mafundi wa picha za ajabu katika The Evil Dead. Filamu yao ilitoka Mei 1, 2020, ikiwa inakodishwa nyumbani tangu siku ya kwanza, na ikaonyeshwa pia kwenye viwanja vya sinema ambavyo watu hutazama wakiwa ndani ya magari. Viwanja hivyo vimebaki kama 300 tu Marekani nzima. Kwa wikiendi sita mfululizo The Wretched ikaongoza orodha ya mapato ya nchi, jambo ambalo halikuwa limefanywa na filamu yoyote tangu Avatar. Mapato yenyewe yalikuwa madogo, maana hapakuwa na washindani. Lakini fikiria familia hizo: filamu ilikuwepo kwenye televisheni yao, wangeweza kuikodi wakiwa wamelala kochini, na bado waliendesha gari gizani ili waogope karibu na watu wengine, kila mmoja nyuma ya kioo chake.

Siku ambayo The Invisible Man iliingia majumbani, Machi 20, 2020, ilikuwa siku ambayo A Quiet Place Part II ilipaswa kutoka. Ilikuwa imeshazinduliwa New York tarehe 8. John Krasinski akakataa njia ya mkato, akasema watu walipenda kuitazama ile ya kwanza pamoja na angesubiri mpaka waweze kufanya hivyo tena. Ikasubiri hadi Mei 28, 2021. Namwona alikuwa sahihi kwa filamu ile hasa. Ni hadithi ya viumbe wanaowinda kwa kusikia, na silaha yake ni ukimya. Nyumbani pana friji, pana feni, pana simu. Ukumbi wa watu 200 wanaoogopa kutafuna bisi huwezi kuukodi kwa dola 20. Filamu ilikaa siku 45 kabla ya kwenda Paramount+.

Paramount, studio ya filamu hiyo, ilikuwa imeandaa Smile ya Parker Finn moja kwa moja kwa ajili ya mtandao. Walipoijaribu mbele ya watazamaji wakaona inavyowatikisa, wakaihamishia sinema. Ilitoka Septemba 30, 2022, ikafungua kwa dola milioni 22.6, na wikiendi ya pili, pale ambapo filamu za kutisha huporomoka kwa zaidi ya nusu, ikashuka kwa asilimia 18 tu. Watu walitoka ukumbini wakawaambia wenzao. Kwa bajeti ya milioni 17, ikamaliza na zaidi ya milioni 215 duniani. Evil Dead Rise nayo ilikusudiwa kwa HBO Max, na Alien: Romulus ya mwaka 2024 kwa Hulu. Zote mbili ziligeuzwa njia na kupelekwa kumbini, na Romulus ikakusanya takriban dola milioni 350. Evil Dead Rise, baada ya kuokolewa hivyo, ilianza kukodishwa siku 18 tu baada ya kutoka. Hapo nasikitika, kwa sababu neno la mdomo linahitaji muda wa kutembea.

Nyumbani pana haki zake. Mama mwenye mtoto mchanga, mtu wa kiti cha magurudumu ambaye ukumbi wake una ngazi, kiziwi anayehitaji maandishi chini ya picha, mkazi wa mji usio na sinema hata moja: hawa wote walikuwa wakingoja siku 90 huku wenzao wakisimuliana mwisho. Sitaki warudishwe huko. Lakini kati ya 17 na 90 pana nafasi, na mwaka 2025 tuliona kinachoweza kuota humo. Sinners ya Ryan Coogler, ya wanyonya damu katika Mississippi ya mwaka 1932, ilitoka Aprili 18 na haikukodishwa hadi Juni 3. Ilifungua kwa dola milioni 48 nchini Marekani. Wikiendi ya pili ikapata karibu milioni 46. Wikiendi ya tatu, ile ambayo siku 17 za mkataba wa Universal na AMC zingekuwa zinamalizika, iliingiza kama milioni 33, zaidi ya kile ambacho The Invisible Man ilipata siku zake tatu za kwanza.